Kasoro Niliyoirekebisha Bila Kutoa Onyo

Siku yangu ya kwanza kazini nilirekebisha sentensi moja. Nilikuwa nimekaa ukumbini kwa shangazi yangu, Ngamiani, nikapeleka marekebisho ya nyaraka za kiunzi tulichokitumia chuoni. Kiunzi, kwa ninyi mnaoanza, ni mifupa ya tovuti: sehemu zilizokwisha kuandikwa, chetu kikiwa kwa lugha ya Python, ambazo mtengenezaji wa tovuti huzijengea kazi yake mwenyewe. Kilikuwa huria, maana yake yeyote aliweza kuusoma msimbo wake, kuutumia bila malipo na kupendekeza mabadiliko. Sentensi yangu ilirudi na maoni manne. La mwisho lilisema: "Salamu hukuleta, lakini koma umeziweka vizuri. Karibu kazini."

Aliyeandika hivyo alikuwa Mtunzaji Mkuu, Bi Zuwena, mwalimu mstaafu wa hisabati aliyeishi Raskazone, ambaye ndiye aliyekianzisha kiunzi hicho.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mpokea taarifa. Watumiaji waliripoti hitilafu, nami nilizirudia kwenye kompyuta yangu ili kuthibitisha kwamba zipo kweli. Mkubwa wangu alikuwa Mkaguzi Mwandamizi, Mdigo wa upande wa Horohoro, mtu asiyejua kubembeleza. "Bwana," aliniambia siku moja, "umeandika aya sita kueleza kitufe kisichobonyezeka. Ungeandika kwamba hakibonyezeki." Baadaye nikawa mkaguzi, na hatimaye nikapewa haki ya kuunganisha, yaani ruhusa ya kuingiza mabadiliko katika msimbo wa pamoja bila kumsubiri mtu. Nilipopewa haki hiyo nilihesabiwa miongoni mwa wazee wa kazi, ingawa sikuwa nimefika hata thelathini.

Tulikuwa na desturi moja ambayo haikuwa na msamaha. Badiliko lolote litakalogeuza kile ambacho programu inakitoa lilitanguliwa na onyo, na onyo hilo lilikaa toleo zima. Kila aliyetumia kiunzi aliliona kwenye kompyuta yake: katika toleo lijalo, jambo hili halitakuwa hivi.

Sasa nieleze nilichokifanya. Kompyuta huhesabu saa tangu usiku wa manane. Sisi huzihesabu tangu asubuhi. Kiunzi kilikuwa na kifaa cha kugeuza: ukikipa 8 ya kompyuta, kikupe saa 2 yetu. Kwa muda mrefu kifaa hicho kilikuwa kibovu. Kilipewa 8, kikarudisha 8. Nilikitengeneza kwa alasiri moja, nikaandika majaribio kumi na mawili, yote yakapita. Mimi ambaye niliwahi kufikiri siku tatu juu ya jina la kigezo kimoja cha msimbo, nilidhani nimefikiria kila kitu.

Bi Zuwena alinipigia simu. "Umeweka onyo?"

"Bi Zuwena, hii ni kasoro. Nani atajenga juu ya kasoro?"

"Aliyechoka kukusubiri uitengeneze."

"Lakini sasa inatoa jibu sahihi."

"Haya. Haki ya kuunganisha unayo. Mimi nimesema."

Nikaunganisha.

Taarifa ilikuja baada ya wiki tatu, kutoka kwa fundi wa kompyuta wa kituo kimoja cha afya kwenye njia ya Muheza kwenda Amani, aliyekitumia kiunzi chetu kuwatumia wagonjwa saa za miadi. Fundi huyo alikuwa amechoka kusubiri, akaandika mstari wake mwenyewe wa kupunguza saa sita. Alipopokea toleo letu jipya, saa sita zikapunguzwa mara mbili: 8 ikawa 2, na 2, kwa mzunguko wa saa kumi na mbili, ikawa 8 tena. Mgonjwa wa kisukari, Mzee Shemweta, alipaswa kufika saa mbili asubuhi kupimwa damu kabla ya kula. Ujumbe wa simu ulimwambia: "Fika saa 8. Usile chochote tangu jana usiku." Alifika saa nane mchana, akaanguka mlangoni.

"Nenda ukamwone," alisema Bi Zuwena. "Barua usiandike."

Nilimkuta amelazwa siku ya pili, ameketi kitandani, muuguzi akimfunga kipimo cha presha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye saa?"

"Ndiye mimi."

"Nimefunga Ramadhani tangu utoto," alisema, "lakini hata Ramadhani ina daku."

Muuguzi alicheka. Mimi nilianza kueleza jinsi sita inavyoweza kutolewa mara mbili, na mzee akanisikiliza hadi mwisho.

"Hesabu nimeielewa," alisema. "Asubuhi ile mke wangu alinipikia muhogo. Alisema mtu wa sukari hakai na njaa hivi. Nikamgombeza: wewe unajua nini, wataalamu wameandika. Mimi nimekusamehe. Nenda kwake yeye, yuko nje."

Jioni hiyohiyo niliyaondoa mabadiliko yangu. Yalirudi baadaye, baada ya toleo zima la onyo, na safari hiyo hayakumdhuru mtu. Mwezi uliofuata nilirudisha haki ya kuunganisha.

"Sijakufukuza," alisema Bi Zuwena.

"Najua, Bi."

"Basi unakimbia."

Nililifikiria neno hilo kwa wiki nyingi na bado sijaamua kama ni sahihi. Sasa ninaandika tasnifu yangu ya uzamili, taratibu kuliko inavyotakiwa. Vijana wa klabu yetu ya programu huniuliza kama niliacha kwa sababu mzee alianguka. Hapana. Alipona, na kila kazi ina siku yake mbaya. Niliacha kwa sababu ya mazungumzo ya nje ya wodi ile.

Mke wa Mzee Shemweta alikuwa kwenye benchi, bakuli la uji limefunikwa kwa kanga. Nilimwomba radhi. Alinitazama, kisha akatoa simu ya mumewe mfukoni, akanionyesha ujumbe mwingine.

"Huu ni wa mwezi ujao. Wameandika saa tatu. Baba, ni saa tatu kweli?"

Nilikuwa nikiujua msimbo ule mstari kwa mstari. Niliishika ile simu, nikausoma ujumbe, nikausoma tena.

"Ngoja, mama," nikasema, "nikamuulize muuguzi."