Mpira Wangu Haukufika Mbali

Harufu ninayoikumbuka kutoka mwaka ule ni ya ngozi iliyolowa. Glavu yangu ya besiboli ililowa karibu kila Jumamosi, kwa maana mvua ya Brussels haimwagiki ikaisha, inanyunyiza tu kutwa nzima. Nikirudi nyumbani kwetu Etterbeek niliiweka juu ya kipasha joto cha jikoni, jirani na jiko, na Mama alilalamika kwamba sombe lake, mboga ya majani ya muhogo, litanuka kiatu. Kisha Mama akalazwa hospitalini kule Woluwe, na hakukuwa tena na mtu wa kulalamika. Glavu ilikauka pale pale, jiko likiwa baridi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Wazazi wangu walitoka Bukavu kabla sijaanza kutembea. Papa alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na mpira alioujua yeye ulikuwa wa miguu. Besiboli iliingia kwetu kupitia jirani wa ghorofa ya chini, Madame Hélène, ambaye mwanawe Thomas alikuwa akiicheza. Mama alipoanza kwenda kwa madaktari mara kwa mara, Madame Hélène alijitolea kunichukua kila Jumamosi pamoja na Thomas. Papa alikubali bila kuuliza ni mchezo gani.

Mchezo wenyewe nilijifunza haraka. Mrushaji anakutupia mpira mdogo, mgumu, nawe unaupiga kwa gongo. Ukiupata, unakimbilia kituo cha kwanza, halafu cha pili na cha tatu, mpaka urudi nyumbani, yaani pale ulipoanzia, na hapo timu yako inapata pointi. Ukiupiga ukavuka uzio, unazunguka vituo vyote kwa raha zako. Thomas ndiye aliyeuvusha uzio. Alikuwa mrefu kuliko sote, na hata alipokosa, ambayo ilikuwa mara nyingi, upepo wa gongo lake ulisikika hadi kwenye benchi. Mimi sikukosa. Niliuona mpira ukija, mikono ikaenda yenyewe. Lakini mpira wangu haukufika mbali. Ulipita juu ya vichwa vya wale wa mbele, ukaangukia mahali palipokuwa wazi, ukafa kwenye majani mabichi, nami nikawa nimeshafika kituo cha kwanza. Wenzangu walipiga makofi. Mimi niliona ni jambo la kawaida tu, kama kufunga vifungo vya shati.

Kocha wetu, Bruno, alikuwa mwanamume mpana aliyependa mlio wa mpira uliogongwa kwa nguvu. Jumamosi moja Papa alikuja mwenyewe kunichukua, na kocha akamwita pembeni, ingawa si mbali kiasi cha mimi kutosikia.

"Binti yako ana jicho ambalo sijaliona kwa mtoto mwingine," alimwambia. "Atakuwa mchezaji mzuri. Mchezaji mkubwa, hapana. Wakubwa wanaugeuza mchezo kwa pigo moja. Yeye hana nguvu hiyo, na sidhani kama itakuja."

Hakusema kwa ubaya. Papa aliitikia kwa kichwa. Mwaka ule alikuwa amezoea kuwaitikia kwa kichwa watu waliomweleza mambo kwa Kifaransa cha upole.

Kesho yake, Jumapili, tulikwenda kumwona Mama. Alikuwa ameegemea mito, kitambaa kichwani, mikono yake imekonda hata pete ilikuwa imehamia kidole gumba. Papa alimsimulia maneno ya kocha kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, kilichochanganyika na Kifaransa, nadhani kwa sababu hakuwa na habari nyingine ya kumpa.

"Coach anasema mutoto iko muzuri, mais hatakuwa mukubwa. Hana nguvu."

"Anakosaka mupira?" Mama akauliza.

"Non. Hakosake."

"Na pale anapaswa kufika, anafikaka?"

"Anafikaka."

"Bon. Sasa wanataka nini tena?"

Papa akacheka kidogo, akamwita kwa jina langu kama siku zote. "Maman Mapendo, ile si football. Kule, muntu mukubwa ni ule anatupa mupira inje."

"Na ule wa kukosa kila siku, tumuite mukubwa juu ya siku moja mupira yake ilitoka?"

Walibishana hivyo majuma mengi. Kila Jumapili Mama aliuliza mechi ilikwendaje, nami nikaeleza, kisha wakaanza. Papa alimtetea kocha, Mama akanitetea mimi, ingawa hakuwahi kuniona nikicheza na hata gongo lenyewe hakuwa amelishika. Alipochoka kusema aliinua kidole kumzuia Papa asidhani ameshinda. Sasa naelewa kwamba lilikuwa jambo pekee lililobaki la kubishania. La ugonjwa madaktari walikuwa wameshalimaliza. Mimi nilikaa kwenye kiti cha dirishani nikila biskuti alizoshindwa kuzimaliza, na sikumbuki kuhisi chochote.

Alifariki mwezi wa Juni. Matanga yalifanyika katika ukumbi wa parokia kule Koekelberg, na kina mama wa Kivu walikuja na masufuria yao, wakapika, wakaimba mpaka madirisha yakafanya ukungu. Mmoja wao alinishika mabega, akanitikisa. "Lia, mutoto, lia," akaniambia. Nilitaka kumtii. Nilitazama vigae vya sakafu, nikangoja machozi, hayakuja. Papa alikuwa akipanga viti ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Jumamosi iliyofuata Madame Hélène aligonga mlango, akasimama kizingitini. Papa akanitazama. "Vaa viatu," akasema. Kisha akachukua koti lake, akaja pia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutazama mechi nzima.

Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na zamu yetu ya mwisho ya kupiga ilikuwa imefika. Nilipiga kama siku zote, mpira ukaangukia pale ulipozoea kuangukia, nikafika kituo cha kwanza. Aliyenifuata alikuwa Thomas. Alikosa mara ya kwanza, akakosa mara ya pili. Mara ya tatu nilisikia mlio ambao kocha aliupenda, nikauona mpira ukipanda juu ya miti, ukipotea nyuma ya uzio. Watu wote wakasimama wakipiga kelele. Nilichotakiwa kufanya ni kutembea tu. Sikutembea. Nilikuwa nimesimama juu ya kituo, miguu yangu iko pale, na haikunijia akilini kwamba inanihusu.

Sheria ya besiboli ni kwamba anayekuja nyuma hawezi kumpita aliye mbele yake. Akimpita, anatolewa, na pigo lake kubwa halimpi pointi. Thomas alikuja mbio, mikono juu, akanikuta. Alisimama nyuma yangu akihema. Kelele zikapungua, zikaisha. Mwamuzi alivua kinyago chake cha chuma, akangoja.

"Mapendo," Thomas akasema kwa sauti ya chini. "Hakuna haraka. Ukienda, nitakuja."

Sijui tulikaa kiasi gani. Mwishowe mguu mmoja ulikwenda, na wa pili ukaufuata. Nilitembea polepole hadi kituo cha pili, hadi cha tatu, na nyayo za Thomas zikanifuata hatua kwa hatua bila kunikaribia mno. Nilikanyaga nyumbani, naye akakanyaga baada yangu. Tulishinda. Hakuna aliyeturukia mabegani.

Kocha Bruno alikwenda kwa Papa na kofia mkononi. "Lile pigo limetupa pointi mbili," alisema. "Moja ni ya binti yako."

"Mama yake angebishana nawe hata hapo," Papa akamjibu, na tukaenda kupanda tramu.

Niliendelea kucheza hadi chuo kikuu. Thomas aliacha mapema, siku hizi anauza majiko na makabati, na tukikutana tunazungumzia watoto. Sikuwahi kuchaguliwa timu ya taifa. Kwa kipimo cha kocha, alisema kweli. Nikiulizwa leo kama mpigaji asiye na nguvu anaweza kuwa mchezaji mkubwa, husema ndiyo, na sababu za besiboli ninazo nyingi. Ila najua kwamba nasema ndiyo kwa sababu mtu mmoja aliinua kidole akiwa kitandani.

Siku hizi nalia kwa urahisi, hata kwa matangazo ya televisheni, na watoto wangu wananicheka. Papa amestaafu na bado anaishi Etterbeek. Majira ya baridi yaliyopita tulikuwa tukimenya viazi jikoni kwake, akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza miaka yote hiyo.

"Siku ile, pale ulisimama, ulikuwa unawaza nini?"

Nilifikiri nimtafutie jibu zuri. Kisha nikamwambia ukweli: nilikuwa siwazi kitu.

Papa aliendelea kumenya mpaka kiazi kikaisha.

"Miye pia," akasema.