Nimeweka Windows na Linux kwenye laptop moja, nikaishia kubishana na kengele ya kanisa

Wakuu, heshima kwenu. Haya ni ya kweli, na mkiona yanavyonidhalilisha mtaniamini bila kiapo.

Mimi ni mtu wa makamo, niko Sumbawanga mjini. Nimesoma chuo kikuu, na huwa naandika makala ambazo mke wangu huzisifu kabla ya kuzisoma.

Mwaka huu niliamua kuweka Linux kwenye laptop yangu bila kuiondoa Windows. Ndiyo wanaita dual boot. Ukiwasha, inakuja orodha nyeusi, inakuuliza unataka kuingia ipi.

Wakuu, ile kitu ilinishangaza kuliko inavyostahili mtu wa umri wangu. Mashine ile ile, kioo kile kile, makombo yale yale ya mkate kwenye keyboard. Unachagua mstari wa kwanza, anaamka mtu mmoja. Unazima, unachagua wa pili, anaamka mtu mwingine kabisa, mwenye sura yake na tabia zake. Nilikuwa nawasha na kuzima ili nitazame tu.

Sasa, mdogo wangu wa kike ni mtawa wa ndani. Wale wasiotoka: wakiingia, wameingia. Monasteri yao iko mkoa wa mbali, na familia inaruhusiwa kuongea naye mara moja kwa mwaka.

Mwaka huu Mama Mkuu wao akakubali, kwa mara ya kwanza, tuongee kwa video. Tungeingia mara tu baada ya sala yao ya saa sita mchana, tuongee mpaka kengele ya chakula. Ikilia hiyo wanaanza ukimya, na basi tena mpaka mwakani.

Mama yetu hakuwa ameuona uso wa binti yake tangu aingie utawa. Magoti hayamruhusu safari ndefu.

Siku hiyo Mama alikuja mapema kutoka kijijini kwetu Pito kwa bodaboda, kitenge kipya chini, koti la marehemu baba juu. Mvua ilinyunya tangu alfajiri na ukungu ulikaa barabarani kama uko kwao. Jua hatukuliona. Simu yangu nilikuwa nimeizima, iko kwenye chaji, naitunzia nguvu za hotspot. Saa ya ukutani ilishakufa. Hatuitoi kwa sababu ina picha ya Bikira Maria.

Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nikasema ngoja nimwonyeshe Mama maajabu yangu. Nikaingia Linux. Nikazama humo, nabadilisha hiki, napamba kile, Mama anasali rozari pembeni. Nilipotosheka nikarestart, nikaingia Windows, maana program ya video ilikuwa huko.

Saa ya kwenye kona ikasoma 8:52. Saa tatu kasoro. Nikajiambia, leo asubuhi ina baraka, kazi yote hiyo na bado mapema.

"Tuingie sasa?" Mama akauliza.

"Bado kabisa, Mama. Kunywa chai."

Kikombe hakijafika nusu, kengele ya kanisa ikalia. Mama akasimama, akafanya ishara ya msalaba.

"Keti, Mama. Hiyo ni ya msiba."

"Msiba gani unalia tatu tatu?"

"Basi mpiga kengele amekosea. Sasa hivi ni saa tatu."

"Kengele ya sala ya Malaika wa Bwana, ya mchana, inapigwa saa tatu tangu lini, msomi?"

Nikamgeuzia laptop, nikamwonyesha kwa kidole kama wakili mwenye kielelezo. Wakuu, nilibishana na kengele. Na kila nilipoongeza hoja, kule mbali mdogo wangu alikuwa amekaa mbele ya kioo kitupu.

Mke wangu akatokea jikoni na mwiko mkononi. "Baba Adela, maharage niliyainjika makavu, sasa yameiva. Hiyo saa yako inapikia moto gani?"

Maharage yalinishinda. Nikawasha simu. Saa sita ilishapita.

Sikumbuki nilivyofungua hotspot. Nakumbuka nikikosea neno la siri mara mbili, na Mama akisema taratibu, "Polepole, utaharibu."

Kioo kikafunguka. Yule pale. Shela nyeusi, na ndani yake uso wa Mama wa enzi za ujana. Mama Mkuu amekaa pembeni yake.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," Mama akajibu, kwa Kiswahili cha ofisini, amenyooka kama yuko kwa mkuu wa wilaya.

Wakatazamana. Kisha mdogo wangu akauliza kitu kwa Kifipa, lugha yetu ya nyumbani.

Hapo nikaona jambo. Sauti ilishuka, mabega yakashuka, na yule mtawa akawa binti wa Pito anayecheka na kufunika meno kwa kiganja. Mama akajibu kwa Kifipa, mbio mbio, analia na kucheka, amekumbatia laptop mpaka nadhani kule waliona paji la uso tu. Mama Mkuu, ambaye haelewi hata neno, akageukia dirishani kwa adabu.

Hakuna restart. Hakuna orodha nyeusi. Watu wale wale, kufumba na kufumbua wamekuwa wengine, na hakuna aliyezimwa ili mwenzake aamke.

Kengele yao ikalia. Mdogo wangu akanyamaza katikati ya neno, akainua mkono. Basi.

Nilikuja kusoma baadaye. Ndani ya kompyuta kuna saa moja tu, ina kibetri chake. Linux huiandika kwa saa za dunia, wanaita UTC, halafu inaongeza tatu za kwetu wakati wa kukuonyesha. Windows ikiamka inaikuta, inaamini ndiyo saa ya hapa. Zote mbili zinasema kweli. Nami, ninayeona 9:00 nikatamka "saa tatu" bila kustuka, nilipaswa kuwaelewa.

Nilimweleza Mama. "Wake wenza," akasema. "Mume mmoja, kila mmoja ana lake alilolisikia."

Funzo: mkiweka dual boot, ingieni Linux, fungueni terminal, andikeni timedatectl set-local-rtc 1, ili nayo iandike saa ya hapa. Na kengele ikilia, simameni.

Mliowahi kuchezewa na saa hii njooni mseme, na wenye njia bora nirekebisheni. Matusi kwa msomi nayo yanapokelewa.

Mama hana kinyongo. Anasema neno lililokatizwa aliusikia mwanzo wake, na jibu analo. Mwakani wataanzia hapo.