Mlinzi Aliyeomba Kigoda

Cheka ukitaka, ila nisikilize kwanza mpaka mwisho. Nina cheti cha kidato cha nne, nilikipata kwa masomo ya jioni, na sikukisotea miaka yote ile ili nije kukudanganya.

Mke wangu alikuwa amepoteza mimba mbili, zote mwezi wa saba. Ya tatu ilipoukaribia mwezi huo, usingizi ulihama nyumbani kwetu Igogo, kando ya ziwa. Ndipo nikakumbuka kitabu cha historia: Wamisri wa kale waliwawekea wajawazito mlinzi, kiboko jike mwenye tumbo kubwa, amesimama kwa miguu miwili. Watu wenye akili wale! Na Nile yao si inatoka kwenye ziwa letu hili hili? Nikachota udongo ufukweni, nikamfinyanga, nikamsimamisha juu ya mlango. Mama mkwe, Mlutheri wa Bukoba aliyekuja kumwangalia binti yake, akaniuliza kama Jumapili nitampeleka kiboko wangu na kanisani.

Wiki ya tatu, jioni, mke wangu akashikwa na maumivu. Nikamwacha na mama yake, nikatoka mbio kutafuta bajaji. Mlangoni nikagongana na mama mmoja mnene kama matenki mawili ya maji, amelowa chapachapa, ananuka majani mabichi. Shikamoo ikanitoka yenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Wiki tatu umenisimamisha hapa. Hata kigoda hakuna?"

Ungefanyaje wewe? Nikampa kigoda. Akakaa, akauziba mlango wote. Mara ukaja upepo wa baridi kutoka njiani, unalia kama kichanga, unataka kuingia ndani. Yule mama akapiga mwayo tu. Niamini, mdomo ulifunguka kama boneti la lori, meno kama michi! Upepo ukageuka ulikotoka, ukaondoka na bati la jirani.

Ndani mke wangu akaita kwamba maumivu yameacha. Kugeuka, kigoda kitupu, kimelowa. Bajaji tuliipanda hata hivyo. Hospitali wakampima, wakasema mtoto yuko salama. Binti yetu sasa ana miaka minne na sauti ya honi ya meli.

Na yule kiboko wa udongo, niliyemfinyanga kwa mikono yangu akiwa amesimama? Mpaka leo amekaa.

Kigoda hakijatoka mlangoni na hakikaliwi na mtu. Mama mkwe akija, hukiamkia kabla hajanitazama mimi.

Basi wewe uliyeweka mlinzi mlangoni kwako, usilale leo kabla hujamtolea kiti.