Vyungu Vitatu vya Kristina

Kristina wa Sepuka alikuwa mbishi, na mbishi akishika jiko hata Mwingereza hamwezi. Serikali ilikataza pombe ya moshi. Yeye akaipika katika chumba cha ndani cha tembe lake, vyungu vitatu, chungu juu ya chungu. Cha chini alikitia pombe ya mtama ichemke. Viwili vya juu alivitoboa chini na kuvijaza kokoto. Mvuke ukipenya kwenye kokoto, majimaji hurudi chini, kilicho kikali hupita hadi kwenye mrija na kudondoka kibuyuni.

Aliyetumwa kumpekua alikuwa tarishi wa mtemi, Alute, mume wa binti yake Cecilia. Lakini mkwe haingii chumba cha ndani cha mama mkwe, wala hawatajani majina. Basi Alute husimama uani, kisha humwapia mtemi: "Sikuona kitu." Na kweli hakuona.

Mwaka ule Kristina alitaka kali zaidi. Akaweka changarawe, ndogo kuliko kokoto, badala yake. Hakukurupuka; kwanza alijaribu kwa vyungu vidogo, akachemsha maji, mvuke ukapita vizuri. Lakini maji hayana povu wala makapi ya mtama. Kwa ujanja wake wote, hilo lilimpita.

Siku ya kupika, Cecilia, aliyekuja kwa mama yake kujifungua mimba ya kwanza, alikuwa ndani akichochea moto. Alute akafika. Kristina akatoka, akaketi akimpa mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Huko hawajambo?"

Masikio yake yalikuwa ndani. Matone yamekoma. Akajua: makapi yameziba changarawe, mvuke hauna pa kutokea.

"Cecilia, toka!"

Chungu kikapasuka. Kristina akakimbilia ndani, akamkuta binti ameanguka kando ya moto, hajitambui. Akamvuta, akashindwa. Alute alifika mlangoni, akasimama pale. Hadi leo nikisimulia kisa hiki namkasirikia kwa kusita kule, ingawa najua adabu ilivyomshika.

"Alute!" Jina hilo Kristina hakuwahi kulitamka. "Ingia! Mkeo anakufa!"

Akaingia. Akambeba Cecilia hadi uani, miguu imeungua, lakini anapumua, na mtoto tumboni anacheza. Kristina na Alute wakalia kwa furaha.

Kisha Alute akatazama chini. "Mama, leo nimeona. Nikiapishwa nitasema nini?"

"Sema ulichoona."

Kristina alimfunga binti majeraha, akamwachia jirani, akajitanda kaniki yake na kushika njia ya kwenda barazani kwa mtemi. Mkwe akamfuata nyuma, mbali kidogo, asije akakanyaga kivuli chake.