Hatua Moja ya Ziada

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, mchana wa jua la utosi, saa ambazo sie watoto wa Mbagala tulikuwa tunaitwaga ndani kwa sababu wazee walisema vichochoroni wanapita wasioonekana. Usicheke nikikuita mwanangu. Najua huko sokoni bado naitwa binti. Lakini aliyetangulia kuungua ndiye analijua jiko.

Siku hizo babu yangu, mchonga vinyago, alikuwa ametoka hospitali. Mshipa wa damu wa mguu wake wa kushoto uliziba, mguu ukapoa hata ukiugusa ulidhani umegusa mtungi wa maji. Madaktari wakampasua, wakaifungulia damu njia, joto likarudi. Siku ya kuruhusiwa, dada mmoja wa mazoezi ya viungo alituambia sote: atembee kila siku, mguu ukiuma, asimame mpaka maumivu yatulie, kisha aendelee.

"Akikaa tu, njia ya damu inaweza kuziba tena," akasema. "Safari hiyo huenda tukaukata mguu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na siku ile mkuu alikuwa yule dada, ingawa mdogo wa umri. Shangazi Zuhura, binti mkubwa wa Babu, alimsikia kwa sikio moja. Nyumbani akamtandikia kitanda, akamlisha kwa mkono wake. Na siku Babu alipojaribu kutembea uani akasimama kukunja uso, Shangazi akaona nyuzi za mshono zinakatika. Akachukua viatu vya Babu akavificha ndani ya sufuria kubwa la shughuli.

"Baba atembee huku anaugulia, na sie tupo? Majirani watasemaje?"

Ndiyo mapenzi ya kwetu hayo. Mgonjwa anayeheshimiwa hanyanyui hata kikombe.

Basi mchana ule Shangazi alikuwa amejilaza baada ya chakula. Mie niko sebuleni nasuka kichwa cha bandia, naota saluni yangu yenye kioo cha ukuta mzima. Mtaa kimya, hata kuku wamekimbilia kivulini. Nikasikia nyayo nyuma ya ukuta. Kishindo, mburuzo. Kishindo, mburuzo. Zikanyamaza. Zikaanza tena, zikaja kusimama chini ya dirisha langu. Na zilipokwisha kunyamaza kabisa, ikaja hatua moja ya ziada, nyepesi, kama ya mtu mwingine.

Nikamwamsha Shangazi, tukatoka. Babu alikuwa ameegemea ukuta, peku kwenye mchanga unaochoma, kidole cha mguu wa kushoto kinavuja damu. Hapakuwa na mwingine.

"Baba, unataka kufa?" Shangazi akamdaka mkono.

Babu hakumtazama. Alikuwa anaangalia kichochoro kitupu alikotokea.

"Zuhura, ulipokuwa unajifunza kutembea ukaanguka, nilikufichia viatu?"

Shangazi akainama kukitazama kile kidole.

"Umevificha vyangu ukadhani umekificha kifo. Kifo hakivai viatu, mama. Kiko hapo nyuma. Nikisimama, kinapiga hatua moja, kinasogea. Nikitembea, kinachelewa. Ila kule kitandani kilikuwa kimeshanikalia miguuni."

Shangazi akaingia ndani. Nikasikia mfuniko wa sufuria ukianguka. Akarudi na viatu, akapiga magoti mchangani, akamfunga kile kidole kwa upindo wa kanga yake, tukampeleka zahanati. Kidonda kile kilitutesa. Damu ikiwa haba mguuni, kidonda kidogo kinaweza kuula mguu mzima. Kila asubuhi Shangazi alikifunua akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Taratibu, kikafunga.

Kuanzia hapo Shangazi akawa anatembea naye mwenyewe, Babu kavaa viatu. Mguu ukiuma wanasimama.

"Mzee, gari limechemsha?" Shangazi anamtania.

"Linapoa. Usinipigie honi."

Siku za zamu yangu, tukisimama, nilitega sikio. Ile hatua niliisikia, sikufichi. Lakini kadiri Babu alivyozidi kufika mbali, nayo ilisikika kwa mbali zaidi, hadi siku tuliyofika barabarani bila kusimama, nikageuka nyuma, nikasikia kuku tu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiuguza mzee wa mguu uliopasuliwa, usimpende kwa kumlaza. Uliza wataalamu, kisha fuata walichokwambia. Maumivu yanayokuja akitembea na kuondoka akisimama yasikutishe. Mwenda pole hajikwai. Ila mguu ukipoa, ukimuuma hata amelala, au ukitoka kidonda, usingoje kesho, mkimbize hospitali. Na usimwache atembee kwa kujificha. Mvishe viatu, mpe bega.

Mwenyezi Mungu akupe miguu yenye joto mpaka uzeeni. Na kila utakaposimama kupumzika, usisikie nyuma yako ila hatua za anayekupenda.