Senteu wa Josho na Mstari wa Mwisho

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umeikalia Oloipiri, na Senteu amesimama ukingoni mwa josho, fimbo mkononi. Ng'ombe wanatumbukia mmoja mmoja, wanaogelea huku wameinua pua, wanatokea upande wa pili wakichuruzika maji yenye dawa ya kupe.

"Profesa!" anaita Koinet, mfugaji aliyeleta kundi lake. "Leo x ni nani? Yule dume wangu?"

"X ni wewe," Senteu anajibu bila kugeuka. "Hakuna anayekujua."

Wanacheka. Koinet anapoondoka na ng'ombe wake, Senteu anachutama na kuandika kwa kijiti kwenye udongo wenye unyevu: 3x − 8 = x + 40.

Mwezi ujao, Septemba 1983, mhudumu huyu wa josho atakwenda Arusha kufanya kwa mara ya tatu mtihani wa kuingia chuo cha mifugo. Mwakani atakuwa amevuka umri unaokubaliwa. Hii ndiyo nafasi yake ya mwisho.

Anapeleka herufi upande mmoja, namba upande mwingine. Anafika 2x = 48. Anakiweka kijiti chini.

Swali lenyewe linahusu ng'ombe wa mfugaji fulani, kama yalivyo maswali mengi ya mtihani huo. Na nyumbani kwa kina Senteu, idadi ya ng'ombe haitamkwi. Mwenye boma huwajua kwa rangi, kwa pembe na kwa mwendo wanaporudi jioni; aliyepotea huonekana kwa pengo lake. Kutaja idadi ni kuwaita wapungue.

"Ndiyo maana niliipenda x," anasema Senteu. "Inawafunika ng'ombe wa mtu. Unafanya kazi yote, wao wametulia humo ndani. Halafu mtihani unakwambia, fungua."

Aliwahi kufungua. Mwaka 1979 Mwalimu Bertha, aliyekuja kufundisha hapa akitokea Machame, alimpa maswali ya kujipima. "Nilimwambia atumie ng'ombe wa kwao, hesabu imwingie," anasimulia mwalimu huyo. "Nilidhani namrahisishia."

Senteu akalifanya swali nje ya nyumba ya mama yake, Naserian. Jibu, yaani idadi ya ng'ombe wa mama, lilipotoka akalisoma kwa sauti, kwa furaha. Mama aliacha kukamua. Haukupita mwezi, ugonjwa wa ndigana ukaingia bomani, na mama aliyekuwa akiwagawia wengine maziwa akaanza kuletewa ya jirani.

Josho lilikuwa kavu msimu ule. Dawa haikuwa imefika. Ndigana huletwa na kupe, na Senteu analijua hilo vizuri.

"Kupe nawaua mimi kila wiki," anasema. "Kichwa kinajua. Mkono ndio umekataa."

Mtihani wa kwanza aliyaruka maswali yote ya ng'ombe. Wa pili aliyafanya, lakini akaacha kila moja mstari mmoja kabla ya jibu. Mara zote mbili alianguka.

"Nilimwambia, mdogo wangu, hao ni ng'ombe wa karatasi, hawana hata kwato!" anasema Bertha. "Akaniambia, Mwalimu, hata wale wa mama ulisema ni wa zoezi tu."

Kinachomuuma Senteu ni ndama. "Akivimba tezi na kuanza kukohoa, mimi kazi yangu ni kumtuma mtu Loliondo akamtafute bwana mifugo. Akifika, ngozi imeshaanikwa. Ningekuwa nimesoma, ningemtibu mwenyewe."

Naserian hajawahi kumlaumu kwa maneno. Lakini tangu mwaka ule, jioni ng'ombe wanapokaribia kuingia zizini, humtafutia mwanawe kazi ya mbali.

"Ananituma kuni," anasema Senteu, akijaribu kucheka. "Mwanamume mzima, kuni! Boma zima linajua kwa nini."

Na mtihani wa safari hii, Senteu?

"Arusha nitaandika majibu. Yote. Nikirudi nitamwambia mama kwa mdomo wangu, asije akasikia kwa watu."

Na akikutuma kuni tena?

"Nitaenda."

Anakiokota kijiti. Chini ya mstari wake anaandika x, kisha alama ya sawasawa. Kabla hajaandika namba, kutoka mlimani zinasikika kengele za kundi jingine linaloshuka. Senteu anaufuta mlinganyo wote kwa katambuga yake ya tairi, anasimama kuwapokea.