Nilishinda Kesi, Nikala Kuku, Garama Zikapotea

Ndugu zangu, kosa ni langu mwenyewe, na tumbo langu lilinisaidia. Jina langu la kuzaliwa sisemi. Hapa Wamaza watu wameshanipa lingine: Baba Kuku. Uliza tu kwa Baba Kuku, hata vitoto vitakuonyesha mulango.

Niko na butike ndogo ya chumvi, sabuni na mafuta. Nikaweka taa ya sola inje, wateja wanione magaribi. Jirani yangu, Baba Zaina, akanishitaki. Eti taa inawaka sana, kuku zake hazilali, na kuku isiyolala haitagi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kumbe mwenzangu hakuwa na mchezo, alishapeleka maneno mpaka tribinali, korti ya Kasongo.

Kicheko kiliisha nilipopata mwito. Kufika Kasongo ni pikipiki, kesi ikisogezwa ni pikipiki tena, na avoka wa kunitetea hali hewa. Nikamwambia muke wangu, Mama Amisi: "Tuuze mashini yako ya kushona. Nikishinda, Baba Zaina atarudisha garama zote, nitakununulia nyingine." Mashini ile aliinunua mwenyewe kwa karanga za shamba lake, kabla hatujaoana. Hakubishana. Aliifuta vumbi, akaitoa.

Tukashinda! Juji alisema mashitaka hayana kichwa wala miguu, ni kusumbua mutu bure, na Baba Zaina anilipe garama zangu zote. Karatasi ikapigwa muhuri. Nilirudi Wamaza juu ya pikipiki kama gavana, nikipungia mukono hata mbuzi.

Ujinga wangu ulianzia pale. Kwetu, watu wakishamaliza kushitakiana, aliyeshindwa analeta kuku, wanakula sahani moja mbele ya kapita, mukubwa wa mtaa. Mukishakula, maneno imekufa. Hakuna kudaiana tena wala kukumbushana. Kila mutu anajua, na mimi nilijua.

Baba Zaina akaleta kuku mbili, zile zile zisizolala. Zikapikwa na mawese na pilipili. Parsele yangu, kiwanja chote cha nyumba, ilijaa watu. Kapita akauliza: "Baba Amisi, kama kuna kitu kimebaki, kitoke sasa, kabla mikono haijaingia mu sahani."

Jibu nilikuwa nalo mudomoni. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, nikajiona mukubwa. Mutu aliyeshinda mpaka Kasongo adai franga mbele ya chakula? Nikasema: "Mimi si mutu wa kinyongo. Hakuna kitu kimebaki. Tule." Wakapiga makofi. Nikachukua paja. Moyoni nilijidanganya kwamba karatasi ya juji iko mu mufuko, na kuku ni kuku tu.

Asubuhi nikaenda kudai. Baba Zaina hata hakukasirika. "Lakini ulikula," aliniambia. Nikaenda kwa kapita, naye akasema: "Si ulikula?" Nikamtisha kwamba nitaleta watu wa tribinali wakamate mali. Akaniangalia kwa huruma: "Walete. Lakini nani atanunua tena chumvi kwa mutu anayekula mapatano halafu anayatapika?" Na kweli, wiki ile butike ilikaa kimya, hata nzi walihamia kwa wengine. Nikafungia karatasi mu sanduku.

Mama Amisi aliniuliza mara moja tu: "Na mashini yangu?" Nikaanza kumweleza habari ya heshima ya mwanaume. Aliniacha pale na heshima yangu, akafunga kitambaa kichwani, akatoka.

Nilimfuata mbio. Nikamkuta kwa kapita, na Baba Zaina ameshaitwa. "Aliyekula ni Baba Amisi," Mama Amisi alikuwa anasema. "Mimi nilipika. Nani aliniona nakula? Na mashini iliyouzwa ilikuwa yangu, si yake."

Mimi bwana yake sikukumbuka kama alikula ao hapana, macho yangu yote yalikuwa kwa paja. Wakaitwa wamama waliopika naye, wakashuhudia kwamba hakugusa hata mchuzi. Kapita akakuna kichwa, akasema maneno ya Mama Amisi haijafa.

Baba Zaina alikubali. Alilipa kidogo kidogo, bei ya mashini tu, mu mukono wa Mama Amisi. Garama za pikipiki na avoka zilizopita bei ya mashini nilijilipia mwenyewe. Sasa mashini nyingine iko barazani. Jana nilimpelekea suruali yangu iliyopasuka, akaniambia niiweke chini ya nguo za wateja, nisubiri zamu. Nasubiri.

Wewe unayesoma hii, cheka, ni ruhusa. Lakini siku ukishinda kesi, dai haki yako wakati bado uko na njaa. Na kabla hujasema mbele ya watu kwamba hakuna kitu kimebaki, geuka kwanza umuulize yule aliyeuza kitu chake ili wewe ushinde. Siku ile Mama Amisi alikuwa nyuma yangu, ameshika sufuria, na sikugeuka.